Makundi, serikali kuu na haki za raia: maswali yanayoulizwa sana kuhusu ugomvi wa katiba ya Marekani (1787 hadi 1801)

Nafundisha historia na kila mwaka tukifika kwenye mada hii maswali ni yaleyale, tena mengi ni mazuri kuliko majibu yaliyomo kwenye vitabu vya kiada. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwasababu ndo yenye uzito.

Kwani walikuwa wanagombania nini hasa?

Walitoka kupigana na mfalme wa Uingereza, vita ikaisha 1783, mfalme kaondoka, sasa linabaki swali: yale madaraka yake anapewa nani, na huyo atakayepewa tutamzuiaje asije akawa kama yule. Kambi moja waliitwa Wanashirikisho, wao walitaka serikali kuu yenye meno. Kambi ya pili wakabandikwa jina la Wapinga-shirikisho, na wenyewe hawakulipenda maana walijiona wao ndo wanaolinda shirikisho la kweli la majimbo. Kuna kitu kimoja nataka ukishike kabla hujaendelea kusoma: hii kambi ya pili ilishindwa, katiba ikapita, lakini zile haki ambazo leo ukitaja Marekani watu wanazikumbuka, kusema, kuabudu, kuandika, kukusanyika, kutopekuliwa ovyo, zimo kwenye katiba kwasababu wao walikataa kunyamaza.

Si walikuwa na serikali tayari? Ilikuwa na shida gani?

Walikuwa nayo, chini ya mkataba wa majimbo ulioanza kutumika 1781, ila ilikuwa serikali ya kuomba. Kongresi, yaani bunge la serikali kuu, haikuwa na uwezo wa kutoza kodi, inaandikia majimbo barua, jimbo likitaka linalipa lisipotaka halilipi. Kila jimbo kura moja, kubwa kama Virginia au dogo kama Delaware, na kubadilisha kifungu chochote lazima majimbo yote 13 yakubali. Walijaribu kuweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia ili walipe madeni ya vita, Rhode Island peke yake ikakataa na mpango mzima ukafa.

Shays ni nani na kwanini kila kitabu kinamtaja?

Daniel Shays alikuwa kapteni kwenye vita ya uhuru, baadae mkulima huko magharibi mwa Massachusetts. Wanajeshi wengi kama yeye walilipwa kwa hati za ahadi ambazo zilishuka thamani mpaka wakaziuza kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, alafu serikali ya jimbo ikapandisha kodi na ikataka ilipwe kwa fedha taslimu ya sarafu, ambayo kijijini haipo. Mtu akishindwa anapelekwa mahakamani, shamba linauzwa, mwenyewe anaweza kufungwa kwa deni. Kuanzia Agosti 1786 wakulima wakaanza kuzingira mahakama ili kesi zisisikilizwe, na Januari 1787 wakalivamia ghala la silaha la Springfield, mizinga ikapigwa, wanne wakafa. Kongresi haikuweza kupeleka jeshi la maana, lile lililowatawanya lilichangiwa na matajiri wa Boston kwa pesa zao za mfukoni. Kwa wenye mali hiyo ilikuwa kengele. Mimi nikisoma habari ile nawaonea huruma wakulima, walidai kwa njia zote za kistaarabu kwanza, waliandika maombi wakapuuzwa.

Mkutano wa Philadelphia ulikuwa wa siri kweli?

Kweli kabisa. Huu ndo mkutano ulioandika katiba mpya: Mei 25 mpaka Septemba 17, 1787, milango imefungwa, mlinzi mlangoni, George Washington, jenerali wa vita ya uhuru, ndo mwenyekiti, na hakuna ruhusa ya kutoa nje kilichosemwa. Wajumbe waliohudhuria kwa nyakati tofauti ni 55, waliotia sahihi 39, Rhode Island haikupeleka mtu. James Madison, mjumbe wa Virginia, alikaa mbele akiandika karibu kila kitu na maandishi yake yalichapishwa 1840, yeye ameshafariki tangu 1836. Yaani raia wengi walioipigania au kuipinga ile katiba walikufa bila kuyasoma.

Na siku tano kabla ya kufunga, Septemba 12, George Mason wa Virginia akasimama akasema tuongeze hati ya haki, yaani orodha ya haki za raia ambazo serikali haiziingilii, itaandaliwa kwa saa chache tu, majimbo mengi yanayo tayari tutachukua humo. Ikapigwa kura kwa majimbo, hakuna hata jimbo moja lililoafiki. Walikuwa wamechoka, wanataka kurudi kwao. Mason akakataa kutia sahihi. Hiyo kura ya dakika chache ndo iliyozaa miaka minne ya ugomvi.

Madison aliposema "makundi" alimaanisha vyama vya siasa?

Sio hasa, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Kwenye makala yake maarufu ya Novemba 1787 (ni ya 10 kati ya makala 85 ambazo yeye, Alexander Hamilton na John Jay waliziandika magazetini New York kwa jina la bandia la Publius) kundi ni watu wowote, wawe wachache au wawe wengi zaidi ya nusu, waliounganishwa na hamasa au maslahi yanayokwenda kinyume na haki za wengine au manufaa ya jamii nzima. Unaona hapo "wawe wengi zaidi ya nusu"? Hiyo ndo kali. Sisi huku tukisema makundi tunafikiria vijikundi vya watu wa fulani na watu wa fulani ndani ya chama, yeye anasema hata walio wengi wanaweza kuwa kundi, na tena ndo kundi la hatari kuliko yote kwasababu wachache utawashinda kwa kura, wengi utawashinda kwa nini?

Halafu anauliza dawa ni ipi. Unaweza kuua chanzo, na njia ni mbili tu: ufute uhuru, au uwafanye watu wote wawe na mawazo na maslahi yanayofanana. Ya kwanza anasema ni mbaya kuliko ugonjwa, uhuru kwa makundi ni kama hewa kwa moto lakini hakuna mtu anayeondoa hewa duniani kisa anaogopa moto. Ya pili haiwezekani, maana watu wana akili tofauti, dini tofauti, na juu ya yote mali tofauti, mwenye nacho na asiye nacho, anayedai na anayedaiwa. Kwahiyo chanzo hakiondoki, tudhibiti matokeo. Vipi? Panua nchi. Chukua kijiji ambacho kaya 90 ni za wavuvi na 10 ni za wakulima, hao wavuvi wakiamua kuwakandamiza wakulima wataweza kesho asubuhi. Lakini unganisha kijiji hicho na vijiji elfu vya wafugaji, mafundi, wafanyabiashara, wa madhehebu haya na yale, hapo hakuna kundi moja linalopata wengi bila kwanza kuongea na wengine, na kuongea kunalainisha. Wakati wake wasomi wengi walikuwa wanaamini kinyume, kwamba jamhuri inafaa nchi ndogo tu, kwahiyo Madison aligeuza meza.

Sasa nikwambie ninavyomuona. Hoja ina akili sana na bado naiamini, ila tusome mpaka mwisho anapotaja mifano ya uovu anaouogopa: pesa za karatasi, kufutwa kwa madeni, kugawana mali sawa. Yaani Shays yupo humo ndani bila kutajwa jina. Aliogopa walio wengi, na walio wengi walikuwa wadaiwa.

Wapinzani walijibu nini? Au walikuwa wanapiga kelele tu?

Walijibu vizuri sana na inaniuma wanavyosomwa kidogo. Mmoja aliyejiita Brutus aliandika makala 16 kuanzia Oktoba 1787, na anakwenda kwa mstari: katiba hii inaipa serikali kuu kodi, inaipa jeshi hata wakati wa amani, inasema sheria zake ziko juu ya za majimbo, alafu inaongeza kwamba Kongresi inaweza kutunga sheria yoyote iliyo ya lazima na inayofaa kutekeleza hayo. Sasa niambie, nani anaamua kipi kinafaa? Wao wenyewe. Na mahakama yake kuu majaji wanakaa mpaka kufa, watatafsiri katiba kwa namna ya kuitanua, na majimbo yatabaki majina.

Kingine ni uwakilishi. Baraza la Wawakilishi (moja ya mabaraza mawili ya Kongresi, lingine ni Seneti) la kwanza lilipangiwa watu 65 kwa nchi ambayo sensa ya 1790 ilikuta ina watu milioni 3.9. Wapinzani wakauliza mkulima wa mlimani atamjua vipi mbunge wake, atachaguliwa tajiri mwenye jina, mtu ambaye hajawahi kudaiwa hata senti. Melancton Smith alimsukuma Hamilton kwenye hoja hii hii katika mkutano wa jimbo la New York wa kuijadili katiba, kwamba bunge linatakiwa lifanane na watu wake, liwe na watu wa hali ya kati wanaojua bei ya vitu.

Na Mercy Otis Warren, mwanamke, wakati ambao hata kura hana, alitoa kijitabu 1788 kwa jina la bandia akiorodhesha kasoro: hakuna hati ya haki, hakuna ulinzi wa uhuru wa magazeti, hakuna ukomo wa kukaa madarakani. Patrick Henry yeye alianza na maneno ya kwanza kabisa ya katiba, "Sisi watu", akauliza nani kawapa ruhusa kusema sisi watu badala ya sisi majimbo.

Hamilton alikuwa na sababu gani ya kukataa hati ya haki? Si kitu kizuri tu?

Alikuwa nazo na si za kijinga. Ya kwanza, hati za haki ni mapatano kati ya mfalme na raia wake, hapa hakuna mfalme, watu hawajatoa kitu kwahiyo hawana cha kujibakizia. Ya pili ndo nzito: kwanini uandike serikali haitaingilia magazeti wakati hakuna sehemu iliyopewa mamlaka ya kuingilia? Ukiandika orodha ya makatazo unampa mtu mwenye tamaa kisingizio cha kusema ambayo hayajakatazwa yameruhusiwa. Hoja hii ilikuwa na ukweli kiasi kwamba marekebisho ya tisa yalitungwa kuijibu, yanasema kutajwa kwa haki kadhaa kusifanye nyingine zionekane hazipo. Lakini mkulima wa kawaida hakuielewa na mimi namtetea, kama haki yangu ni salama hivyo basi iandike, wino unagharimu nini.

Katiba ilipita kirahisi?

Hapana. Ilihitaji majimbo tisa kati ya 13 yaipitishe. Delaware ikaanza Desemba 7, 1787 kwa kura 30 kwa sifuri, lakini Pennsylvania tayari kulikuwa na aibu: wabunge wa upinzani waligoma kuingia ukumbini ili akidi isitimie, kundi la watu wakawafuata wawili walikolala wakawakokota mpaka bungeni, akidi ikatimia kwa nguvu. Massachusetts ilikuwa inaelekea kukataa mpaka John Hancock akaja na mapatano, tupitisheni sasa alafu tupendekeze marekebisho, ikapita 187 kwa 168. New Hampshire ikawa ya tisa Juni 21, 1788. Virginia 89 kwa 79, New York 30 kwa 27. North Carolina ikasubiri mpaka Novemba 1789, na Rhode Island ikapeleka kwa wananchi kura ya maoni Machi 1788, waliokubali 237, waliokataa 2,708. Iliingia mwisho kabisa Mei 1790 kwa tofauti ya kura mbili.

Angalia hizo tofauti, kura 3, kura 10, kura 19. Bila ile ahadi ya marekebisho haipiti.

Madison alipinga hati ya haki, imekuwaje yeye ndo aliyeileta bungeni?

Hili nalipenda kuliko yote. Mwanzoni alizidharau, alimwandikia Jefferson (aliyekuwa balozi Ufaransa) kwamba hizo ni kuta za karatasi, jimbo la Virginia linayo hati na walio wengi wanaivunja wakitaka. Jefferson alishambana kwa barua tangu Desemba 1787, kwamba hati ya haki ni kitu ambacho watu wanastahili dhidi ya serikali yoyote duniani, na baadae akaongeza hoja iliyoingia: inampa jaji silaha ya kisheria.

Ila barua peke yake zisingetosha, kulikuwa na uchaguzi. Patrick Henry alihakikisha Madison hapati Seneti, kwahiyo mwanzo wa 1789 akagombea Baraza la Wawakilishi dhidi ya James Monroe, rafiki yake, aliyekuwa upande wa wapinzani. Kwenye wilaya ile walikuwepo Wabaptisti wengi, na hawa kabla ya vita wahubiri wao walikuwa wanafungwa jela Virginia kwa kuhubiri bila kibali. Hawakutaka hadithi, walitaka uhuru wa dini uandikwe. Madison akaahidi kwa maandishi. Akashinda 1,308 kwa 972. Kuna watu wanasema basi alifanya kwa ajili ya kura, na mimi nawaambia sawa, ndo maana kuna kura.

Juni 8, 1789 akaleta pendekezo, wenzake wakanung'unika kwamba tuna kazi za kodi na forodha hapa. Mbunge Theodore Sedgwick alikereka hata na haki ya kukusanyika, akasema kwa kuwa ni kitu kinachojulikana tungeweza pia kuandika kwamba mtu ana haki ya kuvaa kofia yake. John Page akamjibu kwamba wapo watu walishawahi kulazimishwa kuvua kofia mbele ya wakubwa, na wapo waliozuiwa hata kukusanyika kihalali. Nikifika hapo darasani huwa kimya kinatanda.

Marekebisho 10 yakakamilika Desemba 15, 1791. Lile ambalo Madison aliliona la thamani kuliko yote, la kuyazuia MAJIMBO yasivunje uhuru wa dhamiri, magazeti na juri (raia wanaoamua kesi mahakamani), Seneti ililikata.

Kwahiyo haki hizo zilimlinda kila mtu?

Hapana, na hapa lazima tuseme wazi. Sensa ile ya 1790 ilikuta watumwa karibu 700,000. Mason aliyedai hati ya haki, Madison, Jefferson, Washington, Henry, wote walimiliki watu. Katiba ilihesabu kila watumwa watano kama watu watatu ili kuwaongezea mabwana zao viti bungeni, ikaizuia Kongresi kupiga marufuku uingizaji wa watumwa mpaka 1808, na ikataka mtoro akikamatwa jimbo lolote arudishwe. Yale makundi Madison aliyoyaogopa, wenye mali dhidi ya wasio na mali, kubwa kuliko yote lilikuwa nyumbani kwake na hakuliweka kwenye hesabu.

Lakini maneno yakishaandikwa yanaweza kumfikia ambaye hayakuandikwa kwa ajili yake. Elizabeth Freeman, mtumwa huko Massachusetts, alisikia kwamba katiba ya jimbo ya 1780 inasema watu wote wamezaliwa huru na sawa, akaenda kutafuta wakili akamwambia nitetee. Wakili ni yuleyule Sedgwick wa kofia. 1781 akashinda, akawa huru.

Kwa nchi nzima mambo yalichelewa: 1833 Mahakama Kuu ilisema hati ya haki inaibana serikali kuu tu, na mpaka marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, ndo mlango wa kuyabana majimbo ukafunguka.

Wote waliogopa makundi, vyama vilitoka wapi?

Vilitoka kwao wenyewe. Hamilton akiwa waziri wa fedha aliitaka serikali kuu ibebe madeni ya majimbo na 1791 akaanzisha benki ya taifa kwa kutumia kile kile kifungu cha "lazima na kufaa" ambacho Brutus alikionya. Madison akasema katiba hairuhusu benki, yaani waandishi wawili wa Publius sasa wanapingana. Yeye na Jefferson wakajenga chama, wakawa na gazeti lao. Washington akiaga 1796 akaonya juu ya moyo wa vyama, wakati huo vilishaota mizizi.

Sheria ya uchochezi ya 1798 ilikuwaje?

Miaka saba tu baada ya uhuru wa magazeti kuandikwa, chama cha Rais John Adams kikapitisha sheria: ukiandika uongo wa kuichafua serikali, Kongresi au rais, faini mpaka dola 2,000 na jela mpaka miaka miwili. Makamu wa rais hakutajwa, maana alikuwa Jefferson wa chama kingine, huyo ruksa kumtukana. Mbunge Matthew Lyon wa Vermont akafungwa miezi minne na faini dola 1,000, na akiwa ndani ya selo wananchi wake wakamchagua tena. Sheria ilikufa yenyewe Machi 1801, Jefferson akawasamehe waliohukumiwa.

Mbona hati ya haki haikuwazuia? Kwasababu majaji walikuwa wa chama hichohicho. Zile kuta za karatasi alizozisema Madison. Kilichowazuia ni uchaguzi wa 1800, ambao nao nusura uvunjike, Jefferson na Aaron Burr wa chama chake mwenyewe wakafungana kura 73 kwa 73 na Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36 kabla ya kupata mshindi. Adams akaondoka Ikulu alfajiri, hajasubiri sherehe, lakini aliondoka.

Haya yana uhusiano wowote na sisi huku?

Upo mmoja wa moja kwa moja. Mwaka 1960 kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, wajumbe wa Kiafrika kutoka Kenya walikuwa na mshauri wa sheria Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, na aliwaandalia rasimu ya hati ya haki. Mtu ambaye mababu zake walikuwa mali ya watu anakaa kutafuta maneno ya kuwalinda hata walowezi wachache kesho wasidhulumiwe na walio wengi. Ni swali la Madison lile, ila limeshikwa na mikono mingine. Baadae akawa jaji wa Mahakama Kuu, na 1987 wenzake wakisherehekea miaka 200 ya katiba alisema hadharani kwamba ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Tanganyika yetu iliingia uhuru 1961 bila hati ya haki kwenye katiba, ikaja kuingizwa 1984, na mahakama zikaanza kuitumia 1988.

Ni kweli marekebisho yalikuwa 12 na sio 10?

Ndiyo, Kongresi ilipeleka 12 kwa majimbo, mawili yakakwama. Moja la idadi ya wabunge halijapita mpaka leo. La pili linasema wabunge wakijiongezea mishahara nyongeza isianze mpaka uchaguzi upite. Hilo lilikuwa karibu limesahaulika mpaka mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu Texas alipoandika kazi ya darasa mwaka 1982 kwamba bado liko hai, akapewa alama ya C, akaanza kuyaandikia barua mabunge ya majimbo moja moja. Likapita Mei 1992.